Tathmini ya vifaa na huduma za dharura kwa vyuo vya Kikristo: kipi kinasimama mtandao ukipotea

Alasiri ya 25 Juni 2024 waandamanaji waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha waliingia Bunge la Kenya, na siku hiyohiyo intaneti ikadorora nchini. Jana yake Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema haina nia ya kuuzima mtandao. Safaricom nayo ikaeleza kwamba nyaya za chini ya bahari zilikuwa zimepata hitilafu. Kwa chuo ambacho mpango wake wote wa dharura ni kundi la WhatsApp, maelezo yoyote yale hayaondoi shida: ujumbe umebaki na tiki moja, na mama yuko kwenye simu akiuliza mwanawe yuko wapi. Siku za namna hiyo zimerudi tangu hapo. Tarehe 25 Juni 2025 vituo vya televisheni na redio viliagizwa viache kurusha maandamano moja kwa moja, mpaka Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo. Siku ya maandamano ya Saba Saba, 7 Julai 2025, polisi walifunga barabara kuu za kuingia katikati ya Nairobi tangu alfajiri, na mpishi au muuguzi anayelala ng'ambo ya kizuizi hana namna ya kufika kazini siku kama hiyo. Jirani zetu wa Tanzania nao walikaa siku kadhaa bila intaneti kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025.

Hapa tunapima vifaa na huduma ambazo vyuo vya Kikristo hununua au huanzisha kwa ajili ya siku hizo: rejista, njia za mawasiliano, sanduku la huduma ya kwanza, hifadhi ya kanisani, jiko, msaada wa kisheria na ibada. Vyuo hivi vina hali yake ya pekee. Mara nyingi ndivyo vyenye zahanati, kengele, tangi la maji na jengo kubwa kuliko yote mtaani, na mambo yakiharibika majirani hukimbilia huko bila kuuliza kama kuna nafasi. Kipimo chetu ni swali moja: saa moja jioni, lango limefungwa, mtandao haupo na stima imepotea, kitu hiki bado kinafanya kazi?

Rejista ya karatasi ndiyo iliyoturidhisha kuliko vyote, na ndiyo ya bei ya chini kuliko vyote. Daftari la kaunta moja kwa kila bweni linatosha. Safu ziwe za jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya usajili, chumba, simu ya mzazi, na simu ya ndugu wa pili asiyeishi nyumba moja na mzazi huyo, maana mtaa mmoja ukifungwa simu zote mbili zinaweza kuwa zimezimika pamoja. Majina yaitwe asubuhi kabla ya chai na jioni kabla giza halijaingia. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kutumia orodha iliyochapishwa mwanzo wa muhula. Kufikia wiki ya sita wanafunzi wameshabadilishana vyumba, wengine wamehamia hosteli za mtaani, na orodha inamtafuta mtu mahali asipolala. Maandamano mengi hutangazwa na tarehe yake, kwa hiyo muda wa kuchapa upya upo.

Daftari la lango halitoshi peke yake. Mwanafunzi aliyeandikwa kwamba katoka hurudi kwa njia ya panya nyuma ya shamba la chuo akiogopa kuulizwa alikokuwa, na jioni nzima watu wanamtafuta mtu aliyelala chumbani. Kuita majina kufanywe chumba kwa chumba, kwa macho. Kisha tiki moja haitoshi. Tumia alama tatu: M kwa aliyeonekana, S kwa aliyezungumza kwa simu kwa sauti yake mwenyewe, na A kwa yule ambaye mtu mwingine ameambia kwamba yuko salama. A ihesabiwe kama hayupo. Usiku wa vurugu habari za "nimesikia yuko kwa shangazi yake Rongai" ni nyingi, na nusu yake ni watu wanaotuliza wenzao kwa nia njema. Wanaoishi nje wagawanywe kwa mitaa, kila mtaa na kiongozi mmoja asiyebeba majina zaidi ya 15, na awe mtu anayeweza kuwafikia kwa miguu.

Mawasiliano ndipo pesa nyingi hupotelea. WhatsApp ni nzuri kabla na baada ya tukio. Kundi linachukua watu hadi 1,024, kila mtu anaijua, haihitaji mafunzo. Lakini inahitaji data, na kundi ambalo kila mtu anaandika hugeuka soko la uvumi. Lifunge wasimamizi pekee ndio waandike. Zello, programu inayoigeuza simu kuwa redio ya kubonyeza na kuzungumza, ilipata umaarufu mkubwa katika maandamano ya Juni 2024. Faida yake ni sauti: mtu anayekimbia hawezi kuandika, ila anaweza kubonyeza na kusema. Kwa waandamanaji inafaa. Kwa chuo, hatuipendekezi kama njia kuu. Nayo ni ya intaneti, na chaneli ya wazi inaingiwa na yeyote, akiwemo mpotoshaji mwenye sauti tulivu anayeelekeza watu kwenye barabara mbaya.

SMS za wingi ndizo tunazozipa nafasi ya kwanza miongoni mwa njia za simu, kwa sababu zinapita kwenye mtandao wa simu wa kawaida na kufika hata kwenye kabambe. Ila zina mitego miwili. Wa kwanza ni jina la mtumaji. Chuo hakiwezi kuamka leo na kutuma kwa jina lake. Jina husajiliwa kwanza na kampuni za simu kupitia mtoa huduma, na hilo huchukua siku. Likisajiliwa kama la matangazo ya biashara, kila aliyejitoa kwenye matangazo hatapata ujumbe wenu, kwa hiyo omba lisajiliwe kwa taarifa za huduma. Mtego wa pili uko ndani ya maandishi yenyewe, na kwa sisi tunaoandika Kiswahili unauma. SMS moja ni herufi 160. Ukiingiza alama moja tu ambayo haimo katika jedwali la kawaida la simu, uwezo unashuka hadi herufi 70. Emoji inafanya hivyo. Na ritifaa iliyopinda, ile inayowekwa na programu ya kuandikia kwenye kompyuta unapochapa ng’ombe au ng’ambo, nayo inafanya hivyo. Ile iliyonyooka haina shida. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja unakuwa tatu, salio linaisha katikati ya orodha, na wanafunzi ambao majina yao yako mwishoni mwa alfabeti hawapati kitu. Andikeni ujumbe wenu minne au mitano mapema, mhakiki idadi ya herufi, na mweke salio la kutosha kutuma mara sita kwa kila mtu. Ujumbe uwe na saa ndani yake: "Lango limefungwa saa 9 alasiri. Aliye mjini abaki alipo, ajibu jina na mahali." Bila saa, ujumbe uliochelewa kufika hupeleka watu nje wakati usiofaa.

Redio za mkononi, kama zile Baofeng BF-888S ambazo askari wengi wa malango wanazo, zinafaulu swali letu kabisa: hazihitaji mnara wala data. Zina chaneli 16, hazina kioo, betri ni ya mAh 1,500, na mtu asiyewahi kuzishika hujifunza kwa dakika kumi. Sita zinatosha chuo cha ukubwa wa kati: lango, zahanati, kanisa, jiko, mabweni na mkuu wa wanafunzi. Kati ya majengo ya mawe usitegemee zaidi ya kilomita moja, na chini ya ngazi au bondeni ni pungufu ya hapo. Kinachoharibika ni betri, kwa sababu redio hukaa kabatini mwaka mzima. Zichajiwe kila mwezi na kila betri iandikwe nambari, ili ile iliyokufa ijulikane na isirudishwe kwenye chaja bure. Na masafa yanahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Redio iliyonunuliwa dukani na kutumika na masafa yake ya kiwandani inaweza kuingiliana na watu wengine, na siku ya msukosuko si siku ya kukutwa na redio isiyo na karatasi. Kila mnachosema humo kinaweza kusikika, kwa hiyo msitaje jina la majeruhi hewani.

Ushahidi, jukwaa la ramani lililoanzishwa na Wakenya Januari 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ni kazi ya kujivunia na bado ni imara kwa kukusanya taarifa za watu wengi na kuziweka mahali pake. Kwa chuo kimoja ni chombo kikubwa kuliko kazi. Kinataka watu wa kuhakiki kila taarifa, na chuo hakina watu hao usiku ule. Kitumieni baadaye, pamoja na makanisa mengine ya mji, kama mnataka kumbukumbu ya yaliyotokea.

Sasa sanduku la huduma ya kwanza. Yale yanayouzwa tayari, ya plastiki yenye msalaba, yamejaa plasta ndogo na pini, na yanakosa vitu vitatu vinavyohitajika: maji mengi, shashi nyingi na kitu cha kukaza damu. Kwa vitoza machozi dawa ni hewa safi na maji. Mtoe mtu kwenye moshi, upande upepo unakotoka. Gesi hii ni unga mwembamba unaong'ang'ania nguo na nywele, na ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hujikusanya mabondeni na kwenye vyumba vya chini. Mvulie nguo ya juu. Kama ni fulana ya kubana ikateni kwa mkasi, msiivute kupitia usoni. Itieni kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga. Aliyevaa lenzi za macho azitoe. Kisha macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka dakika 10 hadi 15, kutoka pembe ya puani kwenda nje, na ngozi kwa sabuni na maji. Mwambieni mapema kwamba mwanzoni itawasha zaidi, la sivyo atakimbia katikati ya kuoshwa. Maziwa hayana faida iliyothibitishwa na si safi kwa jicho. Dawa ya meno chini ya macho nayo iacheni. Chupa ya saline (maji ya chumvi ya hospitali) ya nusu lita inaisha upesi mno kwa kuosha, ihifadhiwe kwa vidonda na jicho lililochubuka. Jerikeni za lita 20 zenye bomba, zikiwa 10 na zimejazwa jana yake, ndizo zitakazobeba kazi.

Wenye pumu ndio wanaotutia wasiwasi kuliko wote. Muuguzi awe na inhela za salbutamol zisizopungua mbili na chemba yake, yaani kopo la plastiki linaloishika dawa mgonjwa akiivuta. Pafu 4 hadi 10, moja baada ya nyingine, mgonjwa akivuta pumzi kadhaa kwa kila moja, kisha aangaliwe tena baada ya dakika 20. Chemba ikikosekana, chupa safi ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa inhela inafanya kazi vizuri. Asiyepata nafuu au asiyeweza kumaliza sentensi moja aende hospitali hata kama barabara ni ngumu. Piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, na uwe na dereva na gari lililojazwa mafuta kwa sababu ambulensi inaweza kukwama.

Kuhusu mikanda ya kukaza damu, tahadhari: mitandaoni zimejaa nakala za bei rahisi za ile ya kijeshi, na kijiti chake cha plastiki hupinda au kuvunjika unapokikaza kweli. Jaribuni mmoja kwa kuukaza hadi mwisho, na huo mliojaribu ubaki wa mazoezi. Mkishindwa kupata wa uhakika, kitambaa kigumu chenye upana wa sentimita 4 au 5 na kijiti cha mbao ni bora kuliko nakala. Unafungwa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, usikae kwenye kiungo chenyewe cha goti wala cha kiwiko, unakazwa hadi damu isimame, na saa inaandikwa kwa kalamu kwenye ngozi ya mgonjwa. Akishafungwa hafunguliwi na mtu wa zahanati; anapelekwa kwa daktari. Glavu wekeni jozi 100, maana kila mgonjwa anataka mpya.

Jambo ambalo zahanati nyingi hulisahau ni kuandika. Aliyepigwa anaweza kuhitaji fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, wiki kadhaa baadaye, wakati uvimbe umeshakwisha. Muuguzi aandike siku ileile: saa, mahali alipoumia kwa maneno yake, jeraha liko upande gani wa mwili na lina sentimita ngapi. Daftari hilo lifungiwe. Majina ya waliotibiwa yasibandikwe ukutani, yasitumwe kwenye kundi lolote, na picha za majeruhi zisipigwe hata na mwandishi wa gazeti la chuo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa za afya za mtu, na hata isingezilinda, mtu aliyekuja kwetu akivuja damu ametuamini.

Kanisa kama hifadhi linahitaji ukweli mchungu. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret walichomewa humo, wengi wao wanawake na watoto. Tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi, wakapiga watu na kurusha vitoza machozi ndani. Msalaba mlangoni haukumzuia mtu. Kwa hiyo kagueni jengo kama jengo. Liwe na milango isiyopungua miwili pande tofauti, inayofunguka kwa nje, isiyofungwa kwa kufuli watu wakiwa ndani, na kila mlango uwe na mtu mmoja mwenye tochi. Madirisha ya pande zote mbili yafunguke. Kipimo cha kimataifa cha makazi ya dharura ni mita za mraba 3.5 kwa kila mtu, na choo kimoja kwa watu 50 siku za mwanzo. Kanisa la mita 12 kwa 24, ambalo Jumapili linakaliwa na watu 400, linalaza 82 tu, tena mabenchi yakiwa yametolewa. Waliozidi wapelekwe madarasani mapema badala ya kujazana na kukanyagana gizani. Langoni asimame mtu mmoja wa kuzungumza na polisi au na kundi lolote, na kasisi pembeni yake akiwa na kola yake. Wakizungumza watano, maneno yatakuwa matano. Msikiti wa Jamia mjini Nairobi, ambao Juni 2024 ulifungua milango na majeruhi wakatibiwa humo, ni mfano ambao vyuo vyetu vinapaswa kwenda kujifunza kwao kwa unyenyekevu.

Jiko ni hesabu tu. Ugali unachukua gramu 200 za unga kwa mtu, hivyo watu 300 wanakula kilo 60 kwa mlo, yaani bela mbili na nusu, kila bela pakiti 12 za kilo mbili. Maharagwe makavu gramu 80 kwa mtu ni kilo 24. Yaloweke usiku wa kuamkia, kuokoa kuni na gesi. Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku kwa matumizi yote. Watu 300 wanamaliza lita 4,500, kwa hiyo tangi la lita 10,000 linakwenda siku mbili na kidogo. Mpishi mmoja na muuguzi mmoja walale chuoni usiku wa kuamkia tarehe iliyotangazwa, na walipwe usiku huo.

Msaada wa kisheria unafanya kazi vizuri pale wakili anapojulikana mapema. Ibara ya 37 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, na ibara ya 49 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani si zaidi ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata. Wakili anahitaji mambo matano: jina kamili la kitambulisho, nambari yake, kituo, nambari ya OB (daftari la matukio la polisi) na saa ya kukamatwa. Simu huchukuliwa, kwa hiyo nambari ya wakili iandikwe mkononi kwa kalamu. Waliokamatwa wakati mwingine huhamishwa kituo, na orodha ya asubuhi haiaminiki jioni. Mtu aende kituoni kwa miguu yake akaulize tena. Chuo kisimsubirie mwanafunzi na barua ya nidhamu. Tunasema hivi kwa moyo wote: mlezi akiuliza kwanza "ulikuwa unatafuta nini huko?", wengine watano waliojeruhiwa watajificha vyumbani na majeraha yao.

Ibada ndiyo huduma ambayo chuo cha Kikristo kinaweza kuitoa kuliko taasisi nyingine, na ndiyo inayoharibiwa kirahisi. Mkesha wa saa sita wenye mahubiri matatu hauwafai watu ambao hawajalala. Dakika 40 zinatosha: Zaburi ya maombolezo kama ya 13 au ya 88 isomwe taratibu, majina ya waliofariki yatajwe, kimya cha kutosha, na sala ya Bwana kwa Kiswahili. Sala za lugha ya mama ni tamu, lakini katika chuo chenye makabila mengi, siku ambazo watu wanahesabiana makabila, kila asiyeielewa atajiuliza anaombewa mema au mabaya. Kuhubiri Warumi 13, sura ya kuzitii mamlaka, peke yake siku hiyo kunasikika kama barua kutoka serikalini. Kumbukeni pia kwamba bweni hilohilo lina mtoto wa polisi ambaye baba yake yuko barabarani usiku huo, naye analia kama wengine. Aombewe kwa sauti.

Baada ya ibada, ushauri uwe wa kutazama, kusikiliza na kuunganisha mtu na msaada anaouhitaji. Kumlazimisha mtu asimulie aliyoyaona mbele ya kikundi usiku uleule hakupendekezwi na wataalamu na kunaweza kumwumiza zaidi. Kikombe cha chai, blanketi na mtu wa kukaa naye vinafanya kazi zaidi. Anayeendelea kukosa usingizi baada ya wiki nne apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Chuo chenye fedha kidogo kianze na madaftari ya rejista na jerikeni, kisha inhela, shashi na glavu, kisha usajili wa jina la SMS. Redio na leseni yake zifuate mwaka wa pili. Jenereta tumeiacha mwisho kwa makusudi: ina kelele, inavuta macho ya mtaa mzima gizani, na mafuta yake hayanunuliki barabara zikifungwa. Taa za sola sita zinamulika zahanati, jiko na milango ya kanisa bila sauti.